Barua ya Bwana Shamba: Kata ya Mama Si Sawa na Kata ya Baba



Mwezi huu siandiki juu ya mbolea. Siandiki juu ya kuku wala nyanya. Naandika juu ya pombe na mwili wa mwanamke.

Huenda mtu akauliza: Bwana shamba na pombe, wapi na wapi? Hayo si maneno ya mganga wa zahanati?

Jibu langu ni hili. Pombe yetu hutoka shambani. Huku Kilimanjaro mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi. Kagera kuna rubisi ya ndizi na mtama. Iringa watu hugema ulanzi kwenye mianzi. Pwani hugema mnazi. Kwingine kuna wanzuki ya asali na dengelua ya miwa. Yote hayo ni mazao ya mkulima.

Tena anayepika mbege mara nyingi ni mama. Mama huyo huyo ndiye anayelima, anayepalilia, anayekata majani ya ng'ombe na kulea watoto. Mwili wake ukiharibika, shamba linaharibika. Nyumba nayo inaharibika. Kwa hiyo maneno haya yananihusu, nanyi yanawahusu.

Sikuja kumtukana mtu. Mbege ina heshima yake kwetu. Hutolewa katika posa, katika harusi na katika kusuluhisha ugomvi. Mama wengi wamesomesha watoto kwa fedha ya mbege. Najua hayo yote. Lakini kuna jambo moja ambalo wengi hawajaambiwa. Jambo hilo ni kwamba kata ile ile ya pombe haifanyi kazi sawa katika mwili wa baba na katika mwili wa mama. Na katika mimba, kata hiyo inanywewa na watu wawili.

DAWA HUPIMWA KWA UZITO

Wewe mfugaji, unampaje mnyama dawa ya minyoo? Unapima kwa uzito. Dawa ya ng'ombe si kipimo cha mbuzi. Ukimpa mwanambuzi kipimo cha ndama, unaweza kumuua.

Pombe nayo ni kitu kinachoingia mwilini na kufanya kazi. Ndani ya pombe kuna kitu kinacholevya. Hapa tutakiita kileo. Kileo kimo katika mbege, kimo katika bia, kimo katika gongo. Ni kitu kile kile. Tofauti ni wingi wake.

Sasa fanya jaribio hili nyumbani. Chukua debe la lita 20 na ndoo ya lita 10. Jaza maji vyote viwili. Tia kijiko kimoja cha chumvi katika debe, na kijiko kimoja katika ndoo. Koroga. Onja. Maji ya ndoo yana chumvi kali zaidi. Je, ulitia chumvi zaidi katika ndoo? Hapana. Chumvi ni sawa. Maji ndiyo machache.

Mwili wa binadamu nao una maji mengi. Kileo hujichanganya na maji hayo. Kwa wastani, katika kila kilo 10 za mwili wa mwanamume, kama kilo 6 ni maji. Katika kila kilo 10 za mwili wa mwanamke, kama kilo 5 ni maji. Mwanamke ana mafuta zaidi mwilini. Hiyo si kasoro. Mafuta hayo ni akiba ya kubebea mimba na kunyonyeshea mtoto.

Tupige hesabu. Baba ana kilo 60. Mama naye ana kilo 60. Maji ya baba ni kama lita 36. Maji ya mama ni kama lita 30. Wote wanakunywa kata moja. Kileo cha mama kinachanganyika na maji pungufu kwa lita 6. Kwa hiyo damu yake inakuwa na kileo kikali zaidi. Na kumbuka kwamba wanawake wengi wana uzito mdogo kuliko waume zao. Basi tofauti inazidi.

Ndiyo maana mama akikaa kilabuni na baba, akanywa naye kata kwa kata, mama hulewa kwanza. Wengine humcheka. Wanasema hajui kunywa. Si kweli. Ndoo haiwezi kushindana na debe.

INI HALIHARAKISHWI

Kileo kikishaingia katika damu, nani anakiondoa? Ni ini. Ini linafanya kazi hiyo polepole. Chupa moja ya bia ya nusu lita huchukua ini kama saa 2 hadi 3 kuimaliza. Kahawa haisaidii. Kuoga maji baridi hakusaidii. Ndimu haisaidii. Ni saa tu zinazosaidia.

Ukinywa kata juu ya kata, ini linazidiwa. Likizidiwa kila siku, kwa miaka mingi, linaanza kupata makovu. Ini lenye makovu mengi halifanyi kazi. Tumbo linaweza kujaa maji. Macho yanaweza kuwa ya manjano. Mgonjwa anaweza kutapika damu.

Waganga wamegundua jambo moja juu ya ini la mwanamke. Mwanamke huharibika ini kwa pombe chache kuliko mwanamume, na kwa muda mfupi zaidi. Mume na mke wanaweza kuanza kunywa mwaka mmoja, na mke akatangulia kuugua.

Tena kuna kansa. Mwaka 1988 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliiweka pombe katika orodha ya vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Pombe huleta kansa ya kinywa, ya koo na ya ini. Kwa wanawake huongeza pia hatari ya kansa ya matiti. Hatari hiyo huanza hata kwa pombe kidogo, na huzidi kadiri mtu anavyozidi kunywa. Haina maana kwamba kila mama anayekunywa atapata kansa ya matiti. Haina maana pia kwamba asiyekunywa hawezi kuipata. Lakini anayekunywa anaongeza hatari yake.

Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Anayekunywa kidogo ana hatari ndogo. Anayekunywa sana ana hatari kubwa. Asiyekunywa hana hatari hiyo.

KATA INAYONYWEWA NA WATU WAWILI

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Jambo hilo ni mimba.

Mtoto akiwa tumboni hula kwa damu ya mama. Chakula hupita katika kondo la nyuma na kitovu. Watu wengine hudhani kondo ni kama chujio. Wanadhani huzuia pombe isipite. Sivyo. Kileo hupita. Mama akilewa, mtoto naye ana kileo katika damu yake. Na ini la mtoto bado ni changa. Haliwezi kukiondoa upesi kama ini la mama.

Fikiri juu ya kitalu cha miche. Mche mkubwa ukimwagiwa dawa kali, majani yanaungua lakini mche unaweza kupona. Mbegu inayoota leo ikimwagiwa dawa ile ile, inaharibika au inakuwa na kilema maisha yake yote. Mtoto tumboni ni mbegu inayoota. Ubongo wake unajengwa kila siku, tangu majuma ya kwanza hadi siku ya kuzaliwa. Hakuna mwezi wa mimba ambao pombe ni salama.

Pombe katika mimba inaweza kuleta haya:

1. Mimba kuharibika.
2. Mtoto kuzaliwa amekufa.
3. Mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, au akiwa na uzito mdogo.
4. Mtoto kuwa na kasoro za moyo au za viungo vingine.
5. Mtoto kuwa na ubongo ulioumia. Anajifunza kwa shida. Anasahau upesi. Hatulii. Hajui hatari.

Hilo la 5 ndilo linalojificha. Mtoto anaweza kuzaliwa na sura nzuri, bila kilema cha kuonekana. Shida inakuja kuonekana shuleni. Mwalimu anasema ni mzembe. Baba anamchapa. Kumbe si mzembe. Aliumia kabla ya kuzaliwa. Ubongo ulioumia hivyo hauna dawa ya kuuponya. Mtoto husaidiwa kwa uvumilivu, siyo kwa fimbo.

Waganga wamejua habari hii kwa muda mrefu. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine na wenzake, huko Ufaransa, waliandika juu ya watoto 127 wa wazazi walevi. Mwaka 1973 waganga wa Marekani, Kenneth Jones na David Smith, waliupa ugonjwa huo jina. Mwaka huo huo wa 1973 sisi Tanzania tulikuwa katika kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wetu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakachimba vyoo na kujifunza kuzuia malaria. Nasi tunaweza kukaa vikundi tukajifunza hili.

WAKULIMA WENZETU WA AFRIKA KUSINI

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Basi tuwatazame wakulima Waafrika wenzetu.

Kusini magharibi mwa Afrika Kusini kuna mashamba makubwa ya mizabibu. Kwa miaka mingi sana wenye mashamba waliwalipa wafanyakazi sehemu ya mshahara kwa mvinyo. Mfanyakazi alipewa mvinyo kila siku ya kazi. Mtindo huo uliitwa "dop". Watu wakazoea kunywa, wanaume kwa wanawake. Sheria ilikuja kukataza mtindo huo. Lakini ulevi haukuondoka pamoja nao.

Waganga walipopima watoto wa shule katika wilaya hizo, waliona idadi kubwa ya watoto walioumizwa na pombe tumboni. Ni miongoni mwa idadi kubwa kuliko zote zilizopata kupimwa duniani. Mama za watoto hao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wafanyakazi wa shamba. Walikunywa kwa sababu pombe ilikuwepo kila siku, na kila mtu aliiona ni jambo la kawaida.

Nasi tujiulize. Je, kwetu pombe haipo kila siku?

MANENO YANAYOSEMWA KIJIJINI

Nimesikia maneno mengi juu ya pombe na mama mjamzito. Nitayajibu moja moja.

"Mbege ni chakula." Ni kweli mbege imetoka katika ndizi na ulezi. Lakini kileo kilichomo hakijali kimetoka katika chakula gani. Ukitaka chakula, kula ndizi. Ukitaka ulezi, pika uji wa ulezi. Ulezi una madini mengi ya kujenga mifupa. Kwa nini umpe mtoto ulezi pamoja na kileo, wakati unaweza kumpa ulezi peke yake?

"Pombe huongeza damu." Sivyo. Pombe hupunguza uwezo wa mwili kutumia baadhi ya vitamini vya kutengeneza damu. Kliniki mama hupewa vidonge vya kuongeza damu. Akimeza vidonge asubuhi na kunywa pombe jioni, anajenga kwa mkono huu na kubomoa kwa mkono ule. Damu huongezwa na mboga za majani, maharage, dagaa, nyama, maini na vidonge vya kliniki.

"Pombe huongeza maziwa." Sivyo. Pombe huzuia maziwa kutoka vizuri. Tena kileo huingia katika maziwa kwa kiasi kilicho karibu sawa na kilichomo katika damu. Mtoto ananyonya kileo. Kinachosaidia maziwa ni kumnyonyesha mtoto mara nyingi, kunywa maji ya kutosha, uji, supu na mtori.

Hapa niseme neno la tahadhari. Mama asimwachishe mtoto ziwa kwa sababu ya pombe. Aache pombe, siyo ziwa. Kama amekunywa kiasi cha chupa moja, asubiri angalau saa 3 kabla ya kunyonyesha. Kama amekunywa zaidi, asubiri zaidi. Na aliyelewa asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Anaweza kumlalia bila kujua.

"Mimi nilikunywa, na watoto wangu ni wazima." Bibi mmoja aliniambia maneno hayo katika mkutano wa kijiji. Alisema, "Mwanangu bwana shamba, nimebeba mimba saba, na mbege sikuacha." Nilimwamkia, nikamjibu kwa swali. "Bibi, mbuzi wako wakiingia mahali penye majani ya sumu, wote hufa?" Akasema, "Hapana, wengine hupona." Nikamwuliza, "Kesho utawapeleka tena kulisha pale pale?" Bibi akacheka. Akasema, "Hapo umenishika."

Ndivyo ilivyo. Pombe haimdhuru kila mtoto kwa kipimo kimoja. Lakini hakuna mtu anayeweza kujua mtoto yupi atapona.

MPISHI ANAYEONJA

Sasa nawageukia akina mama wapishi. Nyinyi mnaweza kunywa pombe nyingi bila kuketi kunywa.

Unaonja maji ya ndizi yaliyochachuka kuona kama yamefika. Unaonja tena baada ya kuchanganya na uji wa kimea cha ulezi. Unaonja asubuhi kabla ya kuuza. Kisha anakuja mnunuzi. Desturi inasema muuzaji aonje kwanza, kuonyesha kwamba hakuna sumu. Anakuja mnunuzi wa pili. Unaonja tena. Jioni ukiulizwa utasema, "Mimi leo sijanywa."

Jaribu hivi. Siku ya kupika, weka bakuli tupu karibu nawe. Kila ukionja, tia punje moja ya mahindi. Jioni hesabu punje.

Tuseme kila kuonja ni nusu kikombe. Kikombe cha robo lita, nusu yake ni sehemu ya 8 ya lita. Ukionja mara 8, umekunywa lita nzima. Ukionja mara 16, umekunywa lita 2. Tena kumbuka kwamba pombe ya kienyeji haina kipimo. Jana ilikuwa tamu. Leo imechachuka zaidi, na kileo kimezidi. Huwezi kujua nguvu yake kwa kutazama.

Ufanye nini basi? Onja kwa kijiko, siyo kwa kikombe. Onja, kisha tema. Kula chakula kabla ya kazi. Kama una mimba au unanyonyesha, usionje kabisa. Mtu mwingine aonje. Baba yupo. Na desturi ya kuonja mbele ya mnunuzi inaweza kufanywa na yeyote wa nyumba hiyo. Mnunuzi anataka kujua tu kwamba pombe ni salama.

KATA YA HESHIMA

Kuna mtihani mwingine. Mke kijana ana mimba. Kuna sherehe. Baba mkwe anampa kata. Akikataa, itaonekana ana dharau. Atafanyaje?

Ushauri wangu ni huu. Apokee kata kwa mikono miwili, kwa adabu. Ashukuru. Kisha ampe mumewe au mama mkwe, bila kunywa. Aseme, "Asante sana baba. Ninamtunza mjukuu wako." Sijaona mzee atakayekasirika kwa maneno hayo.

Lakini kazi hii tusimwachie mke kijana peke yake. Ni kazi ya mume kusema mapema kwa wazazi wake. Ni kazi ya mama mkwe kuweka togwa pembeni kwa ajili ya mkwe wake. Togwa iwe mpya, ya siku hiyo. Togwa iliyolala siku nyingi huchachuka, nayo inakuwa pombe.

Na wewe baba, usimnunulie mkeo mjamzito bia kama zawadi. Najua unampenda. Mnunulie mayai, matunda au nusu kilo ya nyama. Kama unaweza, nawe punguza pombe katika miezi hiyo. Si rahisi mtu mmoja kuacha huku mwenzake anakunywa mbele yake.

GONGO

Juu ya gongo nitasema machache. Gongo imekatazwa na sheria ya Tanzania. Kileo chake ni kikali mara nyingi kuliko cha mbege. Tena pombe haramu zinaweza kuwa na sumu inayopofusha macho na kuua. Nchini Kenya, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa mjini Nairobi na sehemu za jirani kwa kunywa pombe yenye sumu. Wengine walipofuka. Mwili wa mwanamke hauna nafasi ya kuchezea kitu hicho. Wa mwanamume nao hauna.

KAMA ULIKUNYWA BILA KUJUA

Huenda mama anasoma barua hii, au anasomewa na mtoto wake, na tayari ana mimba, na amekunywa. Mama, usikate tamaa. Wengi hunywa kabla ya kujua kwamba wana mimba. Acha leo. Kila siku isiyo na pombe ni faida kwa mtoto. Nenda kliniki mapema. Mweleze mkunga ukweli. Atakusaidia kuliko ukimficha.

Na wewe unayetafuta mtoto, usingoje hadi mimba ionekane. Acha pombe tangu sasa.

Kuna pia mama ambaye amezoea sana. Anakunywa kila siku. Asubuhi mikono inatetemeka hadi apate kikombe. Mama huyo asiache ghafla peke yake nyumbani. Aliyezoea sana akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuanguka kama mwenye kifafa, na anaweza kufa. Aende zahanati au kituo cha afya kwanza. Apewe njia ya kuacha kwa usalama.

Tusimcheke. Mwanamume mlevi huimbiwa nyimbo kilabuni. Mwanamke mlevi husengenywa, kwa hiyo hujificha. Anayejificha hapati msaada. Mara nyingi nyuma ya pombe yake kuna huzuni, kipigo au msiba. Mwendee kama ndugu. Akilewa njiani usiku, msindikize nyumbani. Mtu akimdhuru, kosa ni la aliyemdhuru. Lakini sisi majirani tuna wajibu wa kumlinda.

NDIZI NA ULEZI VINA NJIA NYINGINE

Mama mpishi ataniuliza, "Bwana shamba, nikiacha kupika mbege, ada ya mtoto nitailipa kwa nini?" Swali hilo ni la haki. Sikuambii umwage mapipa leo. Nakuambia anza njia ya pili kidogo kidogo.

Pima ndizi zako. Mkungu mmoja ukiuza sokoni unapata shilingi ngapi? Mkungu ule ule ukipikwa mbege unapata ngapi, baada ya kutoa bei ya ulezi, kuni na siku zako za kazi? Andika katika daftari kwa miezi 3. Wengi hawajawahi kupiga hesabu hiyo. Kuni na siku za kazi hula faida nyingi.

Ulezi unaweza kusagwa na kuuzwa unga wa uji. Kuku wa kienyeji, mboga na maziwa huingiza fedha. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kukupa mtaji mdogo. Njooni ofisini kwangu siku ya kazi. Tutapiga hesabu pamoja.

YA KUKUMBUKA

1. Mwili wa mama una maji machache. Kata ile ile ina nguvu zaidi kwake.
2. Mama mjamzito asinywe pombe yoyote, mwezi wowote.
3. Anayenyonyesha aache pombe, siyo ziwa.
4. Mpishi ahesabu anavyoonja.
5. Aliyezoea sana aende zahanati kabla ya kuacha.
6. Kumlinda mtoto tumboni ni kazi ya baba, ya wakwe na ya kijiji kizima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika jaribio la chumvi, kwa nini maji ya ndoo yalikuwa na chumvi kali?
2. Katika kijiji chenu, mama mjamzito hupewa pombe wakati gani? Nani humpa?
3. Mtampa kinywaji gani badala yake katika sherehe ijayo?
4. Mpishi mmoja ahesabu punje zake kwa siku moja. Alionja mara ngapi? Ni lita ngapi?
5. Tutamsaidiaje jirani aliyezoea pombe bila kumwaibisha?

Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Akina mama msomeeni mabinti. Akina baba nanyi msisome kimya kimya. Someni kwa sauti, nyumba nzima isikie.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitaandika juu ya kung'oa machipukizi ya mgomba.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu.